Krismasi ya mtu aliyeacha pombe



Sikukuu ya Noeli ikikaribia, sisi wauguzi huandaa vitanda. Tunajua watakaokuja: waliopata ajali za pikipiki, waliopigana, na wale wachache wanaotuumiza moyo kuliko wote, yaani waliokuwa wameacha pombe.

Mwaka juzi tulimpokea baba mmoja tarehe 27 Desemba. Alikuwa ameacha tangu Kwaresima, na mkewe alikuwa ameanza kucheka tena. Siku ya sikukuu wageni walifika, na shemeji yake akamsogezea kikombe cha wanzuki: "Shemeji, kidogo tu. Utakataaje siku kama ya leo?" Akanywa kimoja kwa heshima. Jioni alikuwa kwenye gongo, na usiku akaangukia mtaroni. Aliyemleta hospitali ni shemeji huyo huyo, huku analia. Si mtu mbaya. Alikuwa hajui.

Kwetu Unyamwezi pombe ni sehemu ya ukarimu. Tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, wapagazi walipopumzika Tabora kabla ya kuendelea Ujiji au kurudi Bagamoyo, mgeni alikaribishwa kwa chakula na pombe. Hata asali inayotupa sifa ndiyo hiyo hiyo inayotupa wanzuki. Hatuilaumu desturi. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake ulishazoea kilevi, kikombe kimoja huamsha hamu yote ya zamani. Huo ni ugonjwa, wala haumaanishi kwamba hana adabu au hampendi mkewe.

Basi, mama, zungumza na wageni kabla hawajapanda treni, lakini muulize kwanza mzee kama anakubali waambiwe. Pombe isilale nyumbani. Apewe kazi yenye heshima, kama kuchinja mbuzi au kupokea wageni, ili asikae mikono mitupu. Ale kwa wakati, maana njaa na hamu ya pombe hufanana. Kinywaji si tatizo: Desemba ni msimu wa maembe, na miembe ya njia ya zamani ya misafara bado inazaa. Togwa nalo ni zuri likiwa la leo. Likilala siku mbili tatu limeshakuwa pombe, hata bibi akiapa kwamba ni uji.

Akitoka Misa ya mkesha asirudi peke yake kwa njia ya kilabuni. Mwanajumuiya mmoja amsindikize. Mnamo Mei 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta hotelini katika mji wa Akron, kazi imeharibika na baa iko karibu. Hakuingia. Alipiga simu kwa mchungaji kuuliza kama kuna mlevi mwingine anayeweza kuongea naye. Akaelekezwa hadi kwa daktari mmoja mlevi, Bob Smith, na mazungumzo yao yakazaa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ambacho leo kimeenea duniani. Kwa hiyo mtafutieni mzee wenu mwenzake aliyeacha, na wapange mapema watakutana saa ngapi siku ya sikukuu.

Sasa jambo la hatari. Wengine wanaokunywa kila siku huamua kuacha ghafla siku ya mkesha. Nia ni njema, lakini ndani ya siku moja wanaweza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Jirani atasema amerogwa. Mtu huyo anaweza kufa. Msimfungie ndani, msimpe gongo ya kumtuliza. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, au Hospitali ya Mkoa ya Kitete, apate dawa za kutuliza na vitamini B1. Hata ikiwa ni usiku wa Noeli, wauguzi tupo.