Kayaki katika Mto Sagana: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mto Sagana, ambao ndio mwanzo wa Mto Tana, huteremka kutoka Mlima Kenya na kupokea maji mengine kutoka safu ya Nyandarua kabla ya kufika bwawa la Masinga. Karibu na mji wa Sagana, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi, kumekuwa kwa miaka mingi na biashara ya kuwashusha wageni mtoni kwa maboti ya mpira na, kwa wapendao kukabiliana na maji peke yao, kwa kayaki: mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, anayeketi miguu ikiwa imenyooshwa ndani na kupiga kafi lenye bapa pande zote mbili.

Huduma hii inatofautiana na nyingine tunazozieleza katika kijitabu hiki. Mteja aliyeuziwa chumba kibovu cha hoteli anaweza kudai fedha zake asubuhi. Aliyeuziwa mto usiomfaa huenda asipate nafasi ya kudai lolote. Kwa hiyo maswali yote yaliyo muhimu ni ya kabla ya kulipa.

Swali la kwanza ni la ngazi ya maji. Duniani kote mikondo mikali hupimwa kwa ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni maji yaendayo kasi kidogo yenye viwimbi vidogo. Katika ngazi ya tatu mawimbi hayana mpangilio, na mwenye chombo hana budi kujua kukielekeza. Ngazi ya nne ina nguvu nyingi na njia nyembamba kati ya mawe. Anayeanguka humo aghalabu huhitaji msaada wa wenzake ili atoke. Ngazi ya tano ni ya mabingwa, na ya sita hujaribiwa kwa nadra sana. Mteja akiambiwa tu kwamba mto ni “wa kusisimua”, bado hajajibiwa. Aulize ngazi, aulize ni ya sehemu ipi ya mto, kisha aulize ni ya siku ipi.

Hilo la siku ndilo linalosahauliwa zaidi. Ngazi si sifa ya kudumu ya mto kama urefu wake. Hubadilika na kina cha maji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mahali palipokuwa pa ngazi ya tatu juma lililopita panaweza kuwa pa nne leo. Mto wa mlimani una hila moja zaidi: mvua inaweza kunyesha msituni juu huku Sagana jua likiwaka, na maji hayo yakafika saa kadhaa baadaye. Dalili zake zinaonekana na yeyote anayezitafuta. Maji hugeuka mekundu kwa udongo, vijiti na majani huanza kuelea, na jiwe lililokuwa kavu ukingoni huzama. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya magoti yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Tunapenda hapa kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba aliyeshuka mto kwa boti la mpira bila shida anaweza kuushuka kwa kayaki. Katika boti la mpira kuna kiongozi anayelielekeza, na kazi ya mgeni ni kupiga kafi anapoamriwa. Katika kayaki mgeni ndiye nahodha. Mtumbwi huo hupinduka kwa urahisi, na kiuno cha mpandaji huwa kimefungwa kwa sketi ya kuzuia maji inayobana kwenye mdomo wa mtumbwi. Akipinduka, ama ajigeuze na kuinuka kwa kafi na kiuno, jambo linalohitaji mazoezi mengi, ama aivute sketi hiyo kwa kishikio chake cha mbele na kutoka chini ya maji kichwa kikiwa kimeelekea chini. Kutoka huko hufunzwa kwanza katika maji yaliyotulia, mara kadhaa, hadi mkono ukijue kishikio bila macho. Mtoa huduma anayempeleka mwanafunzi kwenye mkondo bila zoezi hilo, hata kwa ahadi ya kuwa naye karibu, hafai kulipwa.

Hatari zilizo kubwa si zile zenye kelele. Wimbi kubwa la wazi hutisha, lakini kwa kawaida humpitisha mtu. La kuogopwa zaidi ni mti ulioanguka mtoni: maji hupenya katikati ya matawi, mwili haupenyi, na mkondo huendelea kuusukuma. Lingine ni mahali ambapo maji yanaporomoka juu ya jiwe kisha yanajirudia nyuma na kumzungusha aliyeingia. Povu la hapo limejaa hewa, kwa hiyo hata jaketi zuri haliinui kama kawaida. La tatu ni kosa la kibinadamu kabisa, yaani kusimama. Mguu unaonaswa kati ya mawe, mkondo ukiwa mgongoni, humlaza mtu kifudifudi. Aliyeanguka alale chali, miguu mbele na juu, aelee hadi afike kwenye maji tulivu, kisha aogelee kwa nguvu kuelekea ukingoni. Maelezo haya yatolewe nchi kavu kabla ya safari, kwa lugha ambayo kila mgeni anaielewa. Asiyejua Kiingereza ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili.

Kuhusu vifaa, tazama na ushike kwa mkono. Jaketi la kuokoa maisha likivutwa juu mabegani lisipite masikio. Likipita, ni kubwa mno au halikufungwa. Sponji iliyokauka na kuvunjika, au mkanda ulioshonwa upya kwa uzi wa kawaida, ni sababu tosha ya kudai jingine. Fahamu pia kwamba majaketi mengi ya michezo ya mtoni hayakuundwa kumgeuza aliyezimia uso juu. Kazi hiyo ni ya wenzake. Helmeti isicheze kichwani. Viatu vifungwe, malapa hayafai. Waongozaji nao wawe na mifuko ya kamba za kurushia, na mmoja wao awe mbele kumpokea anayeanguka.

Mtoa huduma za utalii nchini Kenya hufanya kazi kwa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Omba kuiona, na utazame tarehe yake. Omba pia vyeti vya waongozaji vya uokoaji mtoni na huduma ya kwanza. Mwenye navyo hakasiriki kuulizwa.

Baki sasa karatasi inayotolewa ukingoni, mara nyingi wageni wakiwa wameshavaa majaketi, ambayo humtaka mteja akubali hatari zote. Kuisaini kunaonyesha kwamba umeelezwa kuwa mto una hatari. Kwa maoni yetu hakumpi mtoa huduma ruhusa ya kuzembea. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, ya kupata taarifa anazozihitaji, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kufidiwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro ya huduma. Omba karatasi hiyo itumwe siku moja kabla, uisome nyumbani.

Humo tafuta sharti moja hasa: fedha zinakwenda wapi safari ikiahirishwa kwa sababu ya maji? Tunaliona sharti hili kuwa la usalama kuliko la biashara. Pale ambapo mtoa huduma hupoteza malipo yote akiahirisha, au mteja hupoteza yote akikataa kuingia, kila mmoja ana sababu ya kuyatazama maji mekundu na kusema yanapitika. Chagua mahali panapokupa tarehe nyingine bila malipo ya ziada. Nawe, mwongozaji akisema leo hapana, usimshinikize kwa kuwa umefunga safari kutoka Nairobi na jamaa zako.

Endapo una lalamiko, hifadhi risiti, nakala ya karatasi uliyosaini, ujumbe wa simu mlioandikiana na picha za vifaa. Andika tarehe, saa, sehemu ya mto na hali ya maji siku hiyohiyo, na uwaombe wenzako wawili waandike yao kila mmoja peke yake. Anza kwa barua kwa mtoa huduma, kisha utuletee nakala pamoja na jibu lake, au kutujulisha kwamba hakujibu.