Mzazi, mfunze mwanao kusoma maji kabla ya kumpa ndoana

WATOTO wengi wa mwambao wa Kilifi na Malindi huvua samaki wao wa kwanza wakiwa wamesimama majini, wala si ndani ya chombo. Maji ya hori yanapopwa, mzazi hukunja nguo magotini, mtoto hubeba kopo la chambo, na wote wawili huteremka topeni kutafuta chaa, changu na kungu wa kitoweo.

Uvuvi wa namna hii hauhitaji mashua wala mtaji. Mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa tupu, ndoana ndogo, chubwi na kipande cha kamba au kaa kwa chambo vyatosha. Kwa kuwa vifaa ni vichache, wazazi wengi huanza mafunzo papo hapo kwa ndoana: jinsi ya kuifunga, kuitupa na kuhisi samaki anapodonoa. Hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni maji yenyewe, na mtoto asiyeyajua hapaswi kuingia humo hata akiwa hodari wa kutupa mshipi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka wa 2021, na kwamba karibu robo ya wanaokufa hivyo ni watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Umoja wa Mataifa ulitenga Julai 25 kila mwaka, kuanzia 2021, kuwa siku ya kukumbusha dunia kuhusu vifo hivi, ambavyo vingi vyaweza kuepukwa.

Hori hazifanani

Kaunti ya Kilifi ina hori kadhaa, na kila moja ina tabia yake. Hori la Kilifi lina mkondo wenye kina kirefu, kiasi cha kupitisha vyombo vikubwa, na mahali pengi kingo zake ni za mawe yanayoshuka ghafla. Hapo mvuvi husimama ukingoni. Hatua moja ya kupotea yaweza kumtoa kwenye maji ya magoti hadi asipofikia chini.

Mida, karibu na Watamu, ni tofauti. Hakuna mto unaomwaga maji ndani yake, na maji yanapopwa huacha uwanda mpana wa mchanga na tope uliozungukwa na mikoko. Uwanda huo humvutia mtembezi kwa sababu ni wa kina kifupi, na ndio unaomdanganya. Katikati yake hupita mifereji ambayo maji yanapoanza kujaa hutangulia kujazwa. Anayevua kwenye fungu la mchanga aweza kuwa bado amesimama pakavu huku mfereji ulio nyuma yake, kati yake na nchi kavu, ukiwa umeshampita mtoto kimo.

Takaungu na Mtwapa, upande wa kusini, zina mchanganyiko wa hali hizo mbili. Ama mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, si mahali pa kumwingiza mtoto majini kamwe. Mto huo una mamba na viboko, na maji yake ya rangi ya udongo humficha kila aliye ndani. Tena, waweza kufurika kutokana na mvua ya bara wakati Malindi yenyewe ina jua kali.

Hesabu ya kujaa na kupwa

Katika mwambao huu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban siku moja. Kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Mzazi aliyekwenda Jumamosi saa nne asubuhi akakuta maji yamepwa asidhani kuwa atayakuta hivyo saa hiyo hiyo Jumamosi inayofuata. Aghalabu atakuta yamejaa.

Wazee waliifuata hesabu hii kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, mwambao wa Kenya hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa hupungua. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini, Mombasa, nayo hufaa pia kama mwongozo kwa Kilifi na Malindi. Hata hivyo, ndani kabisa ya hori maji hubadilika kwa kuchelewa kuliko baharini, kwa sababu huchukua muda kupita kwenye mlango mwembamba.

Jambo ambalo wageni wengi wa maji hawalijui ni kwamba bahari haijai kwa kasi moja. Wanamaji huigawa tofauti ya maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza hujaa fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili na ya sita moja. Chukua mfano wa bamvua lenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda kwa takriban sentimita 30 tu, na mvuvi husema moyoni kuwa bado mapema. Saa ya pili huongezeka sentimita 60. Saa ya tatu ni sentimita 90, na ya nne 90 nyingine. Ina maana kuwa katika saa tatu za mwanzo maji yamepanda mita 1.8, kimo cha mtu mzima mrefu.

Hesabu hiyo inatoa kanuni ambayo hata mtoto wa miaka saba aweza kuishika: tunaingia maji yakipwa, tunatoka yakisimama. Maji yakishaanza kujaa, uvuvi huendelea kutoka ukingoni. Wala hakuna hasara katika kufanya hivyo, kwa kuwa samaki nao huyafuata maji yanayojaa hadi kwenye mizizi ya mikoko kutafuta chakula, hivyo humkaribia aliyesimama nchi kavu.

Njia rahisi ya kumfunza mtoto ni kuchomeka kijiti kwenye mchanga ukingoni mwa maji mara tu mnapofika, na kumpa yeye kazi ya kukitazama. Maji yakikiacha kijiti, bado yanapwa. Yakikirudia, mtoto ndiye atakayetangaza safari ya kurudi, na mzazi sharti amtii hata kama samaki wameanza kula. Mtoto aliyezoea kutiiwa katika jambo hili atalitii mwenyewe siku atakapokwenda na wenzake bila ya mkubwa.

Waliomo topeni

Hatari ya pili iko chini ya nyayo. Taa mwenye mwiba mkiani hupenda kulala kwenye mchanga wa kina kifupi, akijifukia hadi macho tu yabaki nje. Hachokozi mtu, ila akikanyagwa hupiga. Kwa hiyo anayetembea hapaswi kuinua nyayo. Aziburure taratibu ili taa ahisi mtikisiko na kuondoka. Samaki-jiwe naye haondoki. Hukaa kimya akifanana na jabali lenye mwani, na miiba ya mgongo wake ina sumu kali. Dawa yake ni viatu vyenye soli ngumu, ambavyo pia huzuia kukatwa na chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko.

Samaki wengine huchoma baada ya kunaswa. Hongwe na tafi wana miiba yenye sumu, na mtoto asiruhusiwe kuwatoa kwenye ndoana. Vivyo hivyo, asiokote konokono wa bahari mwenye umbo la pia, hata akiwa na rangi za kupendeza, kwani wengine wa jamii hiyo huchoma kwa sumu inayoweza kuua. Bunju, anayejifutua kama mpira, arudishwe majini. Sumu yake haiondolewi kwa kupikwa, na ni samaki anayedonoa chambo upesi karibu na mikoko.

Aliyechomwa na taa, hongwe au samaki-jiwe atiwe sehemu iliyojeruhiwa katika maji ya moto yanayovumilika, ya nyuzi 40 hadi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake ili mtoto asiungue. Kidonda kisichanjwe, kisifyonzwe wala kufungwa kamba ya kukaza, na mgonjwa apelekwe hospitalini.

Hori ni chekechea ya samaki

Kenya ina aina tisa za mikoko, na mizizi yake ndiyo makao ya samaki wachanga kabla hawajaenda kwenye miamba. Ndiyo maana samaki wengi wanaonaswa horini ni wadogo. Kungu wa urefu wa kiganja hajapata kuzaa hata mara moja. Mzazi akimfunza mwanawe kulowesha mikono, kumtoa samaki huyo kwa upole na kumwachilia, amemfunza kuwa hori lina mwisho wake.

Sheria nayo ina usemi. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968. Ndani ya mbuga yenyewe uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi, ilhali katika eneo la akiba linalopakana nayo uvuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mwaka wa 2001 serikali ilipiga marufuku juya la ufuoni na bunduki za kuvulia samaki. Chandarua cha mbu kinachokokotwa na watu wawili, ambacho watoto hupewa kwa wepesi, hukusanya samaki ambao bado hawajafikia hata urefu wa kidole, na hakifai kutumiwa.

Mahali pengi mwambaoni pana vikundi vya usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka wa 2007. Mgeni wa hori fulani hufanya vyema kuvitembelea kwanza. Viongozi wake hujua mpaka wa mbuga ulipo, mfereji upi una mkondo mkali na wapi tope huzamisha mguu.

Mtoto anapozama

Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele. Kichwa huinama nyuma, mdomo huwa sawa na maji, na kimya huja haraka. Kwa sababu hiyo kila watoto wawili wanahitaji mkubwa mmoja anayewatazama wao, si mshipi wake, naye asiwe mbali nao kuliko urefu wa mkono wakiwa majini.

Mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, uliofungwa kifuniko na kutiwa kamba ndefu, ni kifaa cha uokoaji ambacho karibu kila nyumba inacho. Hurushwa kwa anayezama, akaushika, akavutwa. Kujitosa majini bila cha kuelea kumezamisha waokoaji wengi pamoja na waliotaka kuwaokoa. Aliyetolewa akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini ili kumwaga maji. Apuliziwe pumzi mdomoni mara moja, kifua kikandamizwe, na msaada utafutwe huku kazi hiyo ikiendelea.

Wahenga wa mwambao walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mzazi aliyekulia horini na kuvuka mfereji ule ule mara mia ndiye aliye karibu zaidi kuichukulia hesabu ya maji kwa wepesi, na mtoto hujifunza kwa kumwona anavyotenda kuliko kwa anavyosema. Siku ambayo maji yamerudia kijiti na ndoo bado ni tupu, warudi nyumbani na ndoo yao tupu.