Mgao wa maji ukome kwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu masharti ya maji wakati wa ukame. Wapo wanaodai kwamba mvua ikinyesha siku mbili tu, mgao ukome. Mimi sikubaliani nao.

Jimbo la California, Marekani, linatupa somo. Aprili 2015, Gavana Jerry Brown aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata mashirika ya maji yaliruhusiwa kulegeza masharti, mradi kila moja lionyeshe kwa hesabu kwamba maji yake, pamoja na ya visima, yangetosha hata ukame ukiendelea miaka mitatu zaidi. Aprili 2017 hali ya hatari iliondolewa, isipokuwa katika wilaya nne, zikiwemo Fresno na Tulare, ambako visima vilikuwa vimekauka. Mvua hujaza mabwawa upesi, lakini maji ya chini ya ardhi hurudi polepole. Hata baada ya hapo, kuosha njia za miguu kwa mpira wa maji kulibaki marufuku.

Hapa Dar es Salaam, Mto Ruvu ulipopungua mwaka 2022, visima vya Kigamboni vilitusaidia. Hiyo ni akiba yetu sote. Kwa hiyo nawaomba wahusika, kila wanapoanza au kumaliza mgao, watutangazie hali ya maji visimani. Mwananchi anayejua hesabu huvumilia. Asiyejua hunung'unika, na maji yakirudi huyachezea.

Msomaji wako,
Dar es Salaam.