Datsun ya Zamani na Springi Mpya

Lipo gari moja la spoti ambalo wazee wa Afrika Mashariki hawajalisahau hata leo. Ni Datsun 240Z, gari la viti viwili, lenye pua ndefu na injini ya silinda 6 ya lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kulingana alama na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun ya namna nyingine. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yamepamba moto na barabara za udongo zimegeuka kuwa mito. Wengi walikuwa na mbio. Aliyeshinda ni yule ambaye magurudumu yake ya mbele yalifika pamoja naye.

Magari ya aina hiyo yaliyobakia leo ni machache, na wenye nayo huyatunza kama mboni ya jicho. Vipuri vya awali ni adimu. Kwa hiyo wengi huagiza springi na shokapu zilizotengenezwa na watu wengine, aghalabu fupi na ngumu, zilizokusudiwa viwanja vya mbio vyenye lami laini kama kioo. Hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Mwandishi wa makala haya anaye jamaa mmoja mjini Arusha aliyerithi gari hilo kwa marehemu baba yake. Alikusudia kumchukua bintiye kwa gari hilo hadi Moshi siku ya arusi, safari ya kilomita 80 hivi, kwa kuwa gari lina viti viwili tu na siku hiyo walitakiwa watu wawili tu, baba na bibi arusi. Gereji moja ikamfungia springi mpya, na gari likashuka kiasi cha sentimita 5. Lilipendeza mno kulitazama. Lakini kila lilipokanyaga tuta, usukani uliruka mkononi, na breki ziliposhikwa gari lilivuta upande wa kushoto. Fundi alimwambia kwamba ndivyo magari ya spoti yalivyo. Mke wake, ambaye si makanika, akasema kwamba mwanawe hatapanda kitu hicho. Kwa maoni yangu, mama huyo ndiye aliyekuwa fundi siku ile.

Wasomaji wetu walioko Buhinyuza, na wale wa barabara ya Gitega hadi Muyinga, huenda wakauliza habari hizi zinawahusu nini, maana 240Z si gari la kuonekana vilimani kwao. Ukweli ni kwamba ile Toyota Probox inayowabebea abiria na magunia ina sehemu ya mbele iliyojengwa kwa mtindo ule ule, mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Kila gurudumu lina nguzo moja yenye shokapu ndani na springi nje. Juu nguzo hushikwa na bodi kwa mpira na beringi, na chini hushikwa na mkono mmoja ulalao kwa upana wa gari. Anayeinua Probox yake kwa springi ndefu ili ibebe mzigo zaidi ameyagusa mambo yale yale aliyoyagusa jamaa yetu wa Arusha, ila kwa upande wa pili.

Basi tulianzaje? Kabla ya kufungua nati yoyote, tulilitazama gari likiwa limesimama mahali pa sawa, tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Tairi zilikuwa zimelika ukingo wa ndani, zote mbili. Hiyo ni barua iliyoandikwa waziwazi. Kisha tukaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya vigingi vya chuma, kwani kulala chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake ni kujitafutia msiba. Gurudumu likashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, yamkini ni beringi au kiungo cha mpira wa chuma kilicho mwisho wa mkono. Likashikwa kushoto na kulia. Likicheza hapo, huwa ni ncha za fimbo za usukani. Yetu hayakucheza. Lakini gurudumu la kushoto lilipoachwa lining'inie, springi ililegea kabisa katika kikalio chake, ikawa yazunguka kwa mkono. Springi ya namna hiyo ni fupi kupita kiasi. Gurudumu likiruka shimoni, yaweza kuketi vibaya lirudipo.

Tena kulikuwa na mgongano ndani ya nguzo. Katika 240Z shokapu mpya ni kopo linaloingizwa ndani ya bomba la zamani na kubanwa juu kwa nati kubwa. Kopo likiwa fupi kuliko bomba, hapana budi kuweka kipande cha chuma chini yake, ili nati ilibane kopo lenyewe wala isiishie kukaza bomba tupu. Fundi hakukiweka. Yafaa ieleweke pia kwamba kuifungua springi bila vibano vyake maalumu ni hatari kubwa, kwa kuwa nguvu iliyojificha ndani yake yaweza kumvunja mtu taya. Kazi hiyo apewe mwenye vibano.

Jambo lililonitia hofu zaidi kuliko yote lilikuwa dogo kwa umbo. Mkono wa chini wa 240Z huzuiwa usiende mbele wala nyuma na fimbo moja nyembamba, ambayo mwisho wake hupita kwenye bodi katikati ya bushi mbili za mpira. Gurudumu linapopanda na kushuka, fimbo hiyo haina budi kupinda mwelekeo kidogo, na mpira laini huiruhusu. Wauzaji wa vipuri hutoa badala yake bushi za plastiki ngumu iitwayo poliurethani. Husifiwa kwamba hazichakai upesi. Ni kweli, lakini fimbo isiporuhusiwa kugeuka hapo hujipinda shingoni, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka chuma kinachoka na kukatika. Ikikatika wakati wa kushika breki, gurudumu hurudi nyuma na dereva hana tena usukani. Wenye magari haya wamekwisha yaona hayo. Tulipofuta grisi shingoni mwa fimbo ya kushoto tukakuta ufa mwembamba kama unywele. Ilitupwa siku ile ile, na fimbo zote mbili zikafungwa mpya kwa mpira wa kawaida.

Kisha likaja swali la usukani kuruka. Gari linaposhushwa, mkono wa chini, ambao ulikuwa umelala vizuri, huinuka upande wa gurudumu. Na fimbo ya usukani nayo haisafiri tena sambamba nao. Matokeo yake ni kwamba gurudumu likipanda tuta, hujigeuza lenyewe bila kuamriwa. Twaweza kulipima jambo hili nyumbani: springi hutolewa, ubao ulionyooka hufungwa kwenye kitovu cha gurudumu, kisha gurudumu hupandishwa kwa jeki sentimita 2 baada ya sentimita 2, huku ukipima umbali wa ncha ya mbele na ncha ya nyuma ya ubao kutoka kwenye mti uliosimamishwa kando. Vipimo viwili vikibadilika sawasawa, hakuna neno. Vikiachana, gurudumu linajigeuza. Yetu yaliachana sana.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kufunga kati ya mguu wa nguzo na mkono wa usukani kipande cha chuma chenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5, pamoja na bolti ndefu zaidi. Kipande hicho huteremsha mkono wa chini na fimbo ya usukani kwa pamoja, vikarudi karibu na ulalo wao wa awali. Lazima utazame kwamba rimu haigusi. Ya pili ni kurudisha springi zenye urefu wa kiwanda. Jamaa yetu alipenda ile ya kwanza kwa ajili ya uzuri. Mimi nilimshauri ya pili, maana haendi mashindanoni, na barabara ya kuingilia nyumbani kwake ina mawe. Alinung'unika, akakubali.

Bushi za mpira za mikono ya chini zilikazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia, mpira hubaki umesokotwa na hupasuka mapema. Kulala kwa gurudumu tukakupima kwa uzi wenye jiwe, ukiteremshwa mbele ya rimu, kushoto na kulia. Kiwandani pembe hiyo haikuwekewa marekebisho, hivyo pande mbili zikitofautiana sana chunguza bodi au nguzo iliyopinda kabla ya kununua sahani za juu zenye matundu marefu. Zetu zililingana. Mwisho tukatia chaki katikati ya tairi kwa nyuma, tukapima umbali wa alama mbili, tukasukuma gari mpaka alama zikaja mbele, tukapima tena. Magurudumu yalikuwa yametazama nje kwa milimita 7. Yakarekebishwa kwa kuzungusha fimbo za usukani kwa kiasi kilekile pande zote mbili, mpaka yakatazama ndani kidogo sana.

Siku ya arusi walifika Moshi salama, mama akifuata nyuma kwa basi dogo. Kabla ya kurudi, baba alivua koti, akatandaza gunia, akaingia chini ya gari na spana kukagua nati moja moja.