Mafuta ya akiba kwenye pikapu inayovuta tela: Mahali pa dumu ni muhimu kama dumu lenyewe

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KUBEBA mafuta ya akiba nyuma ya pikapu ni jambo la kawaida kwa madereva wanaotoka mjini Arusha kwenda mashambani Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, kandokando ya Mlima Meru, au kupeleka vifaa vya kambi katika Ziwa Natron. Wengine huvuta pia tela lililobeba jenereta au mashine ya kumwagilia. Katika safari za namna hiyo, hatari haitokani na wingi wa mafuta pekee, bali pia na chombo yalimowekwa na mahali chombo hicho kilipofungwa.

Watanzania hawajasahau ajali ya Msamvu mjini Morogoro, Agosti 10, 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka, kisha moto kulipuka wakati wananchi wakichota petroli kwa madumu.

Kinachowaka kwanza katika petroli ni mvuke wake. Mvuke huo huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi joto 40 chini ya sifuri, nao ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwa sababu hiyo haupandi juu na kutawanyika, bali hutambaa chini na kutuama ndani ya bodi la pikapu, hasa likifunikwa turubai. Sigara ya abiria aliyeketi nyuma, au cheche ya waya wa taa za tela uliochubuka, yatosha kuuwasha. Dizeli haishiki moto kwa wepesi huo, lakini nayo huweza kuwaka ikimwagikia ekzosi yenye moto.

Dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula halifai kubebea petroli, kwa kuwa mfuniko wake haukutengenezwa kuhimili msukumo wa mvuke. Kinachofaa ni jerikeni la chuma lenye mfuniko wa kubana, au dumu lililotengenezwa mahsusi kwa mafuta ya magari.

Chombo hicho kisijazwe hadi mdomoni. Petroli huongezeka ujazo kwa takriban asilimia moja kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Lita 20 zilizojazwa katika baridi ya asubuhi, kisha zikapigwa jua hadi joto likaongezeka kwa nyuzi 30, huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Mwinuko nao una athari zake. Anayejaza jerikeni Mto wa Mbu na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio kwenye mwinuko wa takriban meta 2,300, hufika mahali ambapo mgandamizo wa hewa umepungua kwa kiasi cha asilimia 15, hivyo mvuke uliomo husukuma kuta za chombo kwa nguvu zaidi.

Wakati wa kujaza, jerikeni lishushwe na kuwekwa chini, ardhini. Likijazwa likiwa juu ya bodi lililotandikwa plastiki, umeme tuli unaozalishwa na mafuta yanapotiririka hukosa njia ya kwenda ardhini, na huweza kuruka kama cheche mdomoni mwa chombo. Mdomo wa mpira wa pampu uguse jerikeni muda wote wa kujaza.

Linalosahauliwa zaidi ni uzito. Majerikeni manne ya chuma ya lita 20, yakiwa na mafuta, hufikia karibu kilo 80. Tela la kilo 1,000 lililopakiwa vyema hukandamiza nyuma ya pikapu kwa kilo 100 au zaidi. Mizigo hiyo miwili ikikutana nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani hupoteza utii na breki za mbele hupungukiwa nguvu, jambo la hatari katika miteremko ya Bonde la Ufa.

Kwa hiyo majerikeni yapangwe mbele ya bodi, yakiegemea ukuta wa kibini, yakiwa wima na yamefungwa kwa mikanda ili yasigongane barabara inapokuwa ya makorongo. Yasiwekwe ndani ya kibini, ambako mvuke huwafikia abiria. Yasifungwe pia nyuma ya tela, kwani hapo ndipo gari linalofuata hugonga kwanza, na uzito wa nyuma hulifanya tela kuyumba.

Ni busara kuhamishia mafuta ya akiba kwenye tangi mara nafasi inapopatikana, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Hata hivyo, jerikeni lililomwagwa si salama, kwani limejaa mvuke; lifungwe na kutunzwa kama lililojaa.

Kizimamoto cha unga mkavu kiwekwe karibu na dereva, mbali na mafuta yenyewe. Moto wa petroli usimwagiwe maji, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kusambaa ikiwaka. Ukishindikana kuzimwa mara moja, watu waondoke mbali, kisha wapige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Pikapu na tela huweza kununuliwa tena.