Breki za misuli: seli zake hutambuliwaje?

Mgonjwa wa pepopunda hukaza taya, na mgongo wake hupinda kama upinde. Tatizo halikuanzia kwenye misuli. Sumu ya bakteria imezinyamazisha seli za neva zinazoizuia misuli isijikaze ovyo.

Seli hizo, ambazo sisi hapa tutaziita breki, zimo kwenye ugwe mgongo, yaani ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Zimechanganyika na seli za kuchochea, na kwa hadubini peke yake ni vigumu kuzitenganisha.

Breki nyingi hutuliza kwa kemikali iitwayo glaisini. Mbona basi isitafutwe glaisini yenyewe? Kwa sababu imo katika kila seli. Protini hujengwa nayo. Ndiyo maana watafiti humtafuta mchukuzi wake. Seli ikishaimwaga glaisini, protini ya GlyT2 huirudisha ndani itumike tena. Penye GlyT2 pana breki ya glaisini. Majina yasituchanganye: GlyT1 hukaa zaidi kwenye seli za glia, zile zinazozihudumia neva. Naye VGAT hupakia vifukoni glaisini na pia GABA, kemikali nyingine ya kutuliza, kwa hiyo hututhibitishia kwamba seli ni breki bila kusema ni ya aina gani.

Mwaka 2005 Hanns Ulrich Zeilhofer na wenzake walieleza kuhusu panya wa maabara ambao seli zao zenye GlyT2 hung'aa kijani. Kwa panya hao, breki huonekana na kupimwa zikiwa bado hai.