SIFURI ILIYOZIDI: Namna ya Kutoa na Kurudisha Vitufe vya Kompyuta Mpakato Bila Kuviharibu



Tulipokuwa tukipitia taarifa za robo mwaka kutoka sharika zetu, tulikutana na moja iliyotushtua. Saruji ya msingi wa tangi la maji, iliyokadiriwa shilingi 180,000, ilikuwa imeandikwa shilingi 1,800,000. Kamati ilikutana mara mbili, na maneno yakaanza kusemwa juu ya mtunza hazina, mama ambaye ameifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Stakabadhi zilipoletwa zilisomeka shilingi 180,000.

Tulipokaa naye mbele ya kompyuta ya ofisi ndipo tulipoona chanzo. Soda iliyomwagika ilikuwa imekaukia chini ya kitufe cha sifuri. Kikibonyezwa kilichelewa kurudi juu, na kitufe kinachokaa chini huandika tena na tena. Mama huyo alikuwa ameliona tatizo, lakini aliogopa kukigusa kitufe, kwa kuwa alisikia mwenzake wa usharika mwingine alichokonoa cha kwake kwa kisu, akavunja, na kibodi nzima ikabidi ibadilishwe.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza kazi hii katika toleo hili. Ni kazi ndogo, lakini inahitaji utaratibu.

Kitufe kimetengenezwaje?

Kitufe cha kompyuta mpakato nyingi kina sehemu tatu. Juu kuna kofia, yaani kile kipande chenye herufi. Chini yake kuna vijifremu viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, ambavyo huinua kofia na kuishusha ikiwa sawa. Katikati kuna kikombe kidogo cha mpira kinachorudisha kitufe juu. Kofia imeshikwa kwenye mkasi kwa vibanio vidogo sana. Kwa kawaida upande mmoja huingia kwa kubonyezwa, na upande wa pili huingia kwa kuteleza. Anayevuta kwa nguvu bila kujua hili huvunja vibanio hivyo, na vikivunjika havigundishiki.

Kabla ya kutoa

Kwanza, zima kompyuta kabisa na uchomoe waya wa umeme. Kama betri inatoka kwa urahisi, itoe. Piga picha ya kibodi kwa simu ili usisahau kila kitufe kinapokaa.

Pili, jaribu njia nyepesi. Geuza kompyuta juu chini, itikise taratibu, kisha pitisha brashi laini katikati ya vitufe. Makombo ya mkate na vumbi mara nyingi hutoka hapo. Usipulize kwa mdomo, maana mate yataingia ndani. Tatizo likiisha, usitoe kitufe chochote.

Kutoa kofia

1. Tandika kitambaa cheupe mezani ili kipande kikianguka kionekane.

2. Tumia kitu chembamba cha plastiki, kama kadi ya zamani ya simu iliyokatwa, au ukucha. Usitumie kisu wala bisibisi ya chuma.

3. Ingiza kadi chini ya kona moja ya kofia na uinue taratibu. Kona ikikataa, usilazimishe, jaribu nyingine. Kompyuta hazifanani, na upande unaofunguka kwanza hutofautiana.

4. Ukisikia mlio mdogo wa kuachia, hamia kona ya jirani. Upande mmoja ukishaachia, telezesha kofia kidogo ili upande wa pili ujitoe wenyewe. Usiinyanyue moja kwa moja.

5. Angalia mkasi. Kama umetoka pamoja na kofia, uangalie vizuri ulivyokaa kabla ya kuuachanisha. Kikombe cha mpira kiache mahali pake.

Kusafisha

Lowesha kidogo kijiti chenye pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70, kisha futa uchafu. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoshe. Usimimine wala kupulizia kitu chochote ndani ya kibodi. Usitumie petroli wala dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa kuwa huharibu plastiki na kufuta herufi. Kofia yenyewe waweza kuiosha kwa maji na sabuni. Acha kila kitu kikauke kabisa.

Kurudisha

Kama mkasi ulitoka, urudishe kwanza kwenye vindoano vilivyo chini, na uhakikishe unapanda na kushuka bila kukwama. Kisha weka kofia, ukianza na upande unaoteleza. Ukishashika, bonyeza upande wa pili kwa kidole gumba mpaka usikie mlio. Jaribu kona zote nne: kitufe kishuke sawa na kupanda chenyewe. Kikilala upande mmoja, usikigonge. Kitoe uanze upya. Mwisho washa kompyuta, na uandike sifuri kumi huku ukizihesabu.

Pasipofaa kugusa

Kitufe cha nafasi, cha Enter na cha Shift vina waya wa chuma chini yake, ambao lazima uingizwe kwenye vindoano vyake kabla ya kofia kubonyezwa. Asiye na uzoefu amwachie fundi. Pia kompyuta za MacBook zilizotengenezwa kati ya mwaka 2015 na 2019 nyingi zina vitufe vyembamba vya aina nyingine, vinavyovunjika upesi. Hizo msizifungue wenyewe. Kompyuta iliyo bado ndani ya dhamana irudishwe ilikonunuliwa. Na kama chai au soda imemwagika sasa hivi, kutoa vitufe hakutasaidia: zima mara moja, chomoa umeme, igeuze juu chini na uipeleke kwa fundi.

Kompyuta ikiwa kwa fundi, kibodi ya nje ya kuchomekwa kwa USB yatosha kuendelezea kazi. Ni nafuu kuliko taarifa iliyochelewa.

Neno kwa marafiki wanaotutumia kompyuta

Tunawashukuru wafadhili wanaotupatia kompyuta zilizokwisha kutumika. Zitokazo Ujerumani huwa na Z mahali ambapo sisi tumezoea Y, na Y mahali pa Z. Wengine hudhani dawa ni kubadilishana kofia tu. Sivyo. Kofia ni alama, kompyuta haiisomi. Kwanza badilisha mpangilio wa kibodi katika mipangilio ya kompyuta, kisha ndipo ubadilishane kofia hizo mbili, iwapo vibanio vyake vinafanana. Herufi F na J msizihamishe, kwani zina vinundu vya kumwongoza mwandishi asiyeangalia chini. Marafiki wakituma kompyuta, tunawaomba waangalie pia kama vitufe vyote vipo, maana kofia ya mashine moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine.

Ombi letu kwa kamati

Kila usharika umteue mtu mmoja wa kutunza kompyuta, na chai isinywewe karibu nayo. Kila taarifa isomwe na mtu wa pili pamoja na stakabadhi kabla ya kutumwa. Zaidi ya yote, tarakimu zisipolingana, tuangalie stakabadhi na mashine kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Mama yetu alisafishwa jina lake na kamati ikamwomba radhi, lakini majuma yale mawili hayarudi. Uwakili ni kutunza mali tuliyokabidhiwa, na ni kulinda pia heshima ya wale wanaoitunza.